Mtungi Nilioupaka Mafuta

Kwetu Kinangop mafuta mgando huchotwa kwa kisu. Unakata kipande kama unakata sabuni, na asubuhi ya baridi kipande hicho kinakataa hata kubanduka kwenye kisu. Juba mafuta yale yale nilikuwa nayamimina. Ndoo ilifika kwa lori kutoka Uganda, nikiifungua nakuta uji mweupe, na ikifika saa sita mchana si uji tena, ni supu.

Jambo hilo lilinitesa kwa sababu kazi yangu ilikuwa hafkeki. Hafkeki inataka mafuta magumu. Unayasugua kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chenga chenga, ndipo ukiikaanga inapasuka juu na kubomoka mdomoni. Kwa mafuta ya supu nilipata kitu laini kisicho na mpasuko. Mkenya mmoja wa benki aliishika, akaigeuza, akauliza, "Dada, hii ni mandazi imepotea njia?"

Nilicheka naye. Nilikuwa nacheka sana miaka ile. Vita vilikuwa vimeisha, watu wanarudi na vitanda vyao juu ya malori, na mimi, niliyeishia darasa la nane, nilikuwa nimeshachagua rangi ya duka langu la mikate pale mtaa wa Hai Cinema. Samawati. Na dirisha la kioo.

Nilipanga chumba mtaa wa Hai Malakal, kwa mama mmoja aliyekuwa ametoka ukimbizini Uganda. Aliishi na mama yake mzazi, bikizee ambaye macho yalikuwa yamemwisha, sote tukimwita haboba, yaani nyanya. Haboba alikuwa na mtungi mkubwa wa udongo, ule wenyeji wanauita zir, umesimama juu ya chuma kivulini. Ndicho kitu cha kwanza alichonunua aliporudi. Miaka yote ya kambini alikunywa maji ya jerikeni, alisema, na yalikuwa na ladha ya plastiki. Sasa alitaka maji ya kwao, baridi, kutoka kwa mtungi wake. Hakuomba kingine, na kila kikombe alikimaliza mpaka tone la mwisho.

Mimi niliuona mtungi ule ukilowa nje kila siku. Maji yalidondoka chini, pakawa tope, kuku wakanywa. Nikayahurumia maji, nikamhurumia na haboba. Kwetu maji ni baridi yenyewe, hatuhitaji kuyapoza, na chungu kipya cha kupikia hupakwa mafuta ili kisivuje. Basi Jumapili moja, wao wakiwa kanisani, nikaumwaga mtungi, nikaukausha juani, nikaupaka mafuta yangu nje kote kwa kitambaa. Udongo uliyanywa. Nikapaka tena. Nikaujaza maji, nikasubiri, hata tone moja halikutoka. Nilijiona fundi! Sikumwambia mtu, nilitaka wagundue wenyewe.

Siku iliyofuata haboba alionja maji, akayatema.

"Mama nasema maji iko na homa," mwenye nyumba akaniambia. "Wewe ulijaza maji ya jua?"

Nilisema hapana. Alipoondoka nikaweka kiganja kwenye mtungi. Ulikuwa na joto kama shavu la mtu. Kwa jirani, ng'ambo ya ua, mtungi wao ulikuwa umelowa chapachapa, na watoto wanakunywa huku wakifumba macho kwa raha. Hapo nikaelewa. Siku mbili haboba alikunywa kidogo tu, midomo imemkauka, na mimi nakanda unga kama sijui kitu.

Siku ya tatu nikashindwa kuficha, nikamfuata mwenye nyumba.

"Mama, ni mimi. Niliona unavuja, nikauziba."

"Uliziba na nini?"

"Mafuta ya hafkeki."

Alinitazama. "Ya biniya!" akasema, yaani ewe msichana. "Hiyo maji natoka nje ndio napoza ya ndani. Sasa umefunga yeye pua." Akacheka kidogo. "Nyinyi Wakenya nakaanga kila kitu, mpaka mtungi?" Halafu akaacha kucheka.

Tulisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa maji ya moto. Tukiujaza, mtungi unabaki mkavu nje. Akasema mafuta yanatolewa na moto tu, moto mdogo, wa polepole. Nikaulaza juu ya makaa yangu. Ulitoa moshi, na moshi ule ulinukia hafkeki. Lakini haboba alikuwa hajanywa tangu asubuhi, nami nilitaka kazi iishe upesi. Nikaongeza makaa. Mwenye nyumba alikuwa ndani. Nikasikia tak! Ufa ulianza mdomoni ukashuka mpaka tumboni.

Mwenye nyumba hakunigombeza. Alienda sokoni akarudi na mtungi mwingine, akausimamisha pale pale. "Usiambie mama," akaninong'oneza. "Macho yake haioni."

Kesho yake tukampa haboba kikombe. Alipiga funda moja, akalishika mdomoni, akameza. Akanyoosha mkono, akaupapasa mtungi mdomoni, akaugonga kwa kidole. Akamuuliza bintiye jambo kwa Kiarabu cha Juba. Bintiye akajibu haraka. Haboba akatikisa kichwa, akageukia upande niliosimama, akatumia Kiswahili chake cha kambini.

"Biniya. Mtungi yangu iko wapi?"

Mwenye nyumba alinikazia macho. Ningeweza kunyamaza. Nilipiga magoti nikamwambia yote, mafuta, makaa, ufa, huku nalia kama mtoto.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Malesh," akasema, ni neno lao la kusamehe. Akanirudishia kikombe. Kilikuwa na maji bado, baridi kabisa.

Nilikaa pale miezi mingine saba. Kila asubuhi niliujaza mtungi ule mimi mwenyewe, nikampelekea. Hakukataa hata siku moja, na hata siku moja hakumaliza kikombe.