Uhuru wa Shemeji Yangu

Falsafa ya mtu mimi huipima kwa swali moja tu: mvua ikinyesha, nani atalowa?

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa na falsafa. Alipanga chumba mjini Homa Bay, na kila Jumapili alifika kwa mama mkwe wangu, huku Ndhiwa, kula samaki na kutuhubiria kwamba mtu huru hafungwi na udongo. Nyumba ni jela, alisema, huku akichambua miiba kwa ustadi wa ajabu.

Kwa sisi Wajaluo, mdogo hajengi bomani kabla ya mkubwa. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipanga chumba kando ya poshomili, paa linavuja, unga umetanda hadi kwenye mto wa kulalia. Nilikuwa mjamzito, na nilitaka mtoto wangu azaliwe akiwa na kwao.

"Jengeni tu," shemeji akasema. "Chira ni hadithi ya kutisha watoto."

Chira ni mkosi unaomfuata aliyevunja mwiko, na mama mkwe anauogopa kuliko radi. Aliacha chakula akatoka nje. Mimi nikawaka.

"Shemeji, huo uhuru wako unavujia kitanda changu. Si uuhamishie kwako?"

Alimaliza samaki, akanawa, akaondoka. Nilimsema njia nzima ya kurudi, na mume wangu akanyamaza, maana ana akili.

Jumamosi iliyofuata shemeji alirudi na fundi, mabati yamefungwa kwenye bodaboda. Wakasimamisha kibanda karibu na lango, upande wa kulia, mahali pa kifungua mimba. Kilikuwa kibaya hata kuku wangekikataa. Desturi inataka mwenye nyumba alale humo, akalala, tena bila neti. Asubuhi alitoka uso umevimba kwa mbu.

"Kumbe unaamini chira?" nikamuuliza.

"Siamini hata kidogo," alisema akijikuna. "Lakini Mama anaamini. Mkijenga kabla yangu, kila mtoto akikohoa, Mama atakuwa anatetemeka."

Nikamletea maji ya kunawa uso. Nilimpenda sana asubuhi ile.

Nasi tukajenga, na kibanda chake sasa kinalala mbuzi. Yeye bado huja Jumapili, hukaa kwenye kiti changu, chini ya bati langu, na kutangaza kwamba nyumba ni jela. Mtoto akikohoa, mama mkwe humpigapiga mgongoni na kuendelea kula. Nami humwongezea shemeji samaki.