Itifaki na Njia ya Baiskeli

Jiji lilipotangaza kwamba njia ya baiskeli ya mtaa wetu itaondolewa ili magari yapate pa kuegesha, niliudhika kuliko jirani yeyote, ingawa sina baiskeli. Mimi huendesha gari hadi mji wa jirani wa Maplewood, kwenye maabara ya hospitali ninakofanya kazi. Anayepanda baiskeli ni mke wangu. Tangu gari limtelezee kwenye barafu na kumgeuza akatazama alikotoka, hajashika usukani tena. Zamu zetu hazipatani, kwa hiyo siwezi kumpeleka kazini. Theluji ikizidi hupanda basi. Siku nyingine zote hupita njia ile hadi makao ya wazee anakofanya kazi. Ikiondolewa, itambidi ajipenyeze katikati ya malori au aiache kazi anayoipenda.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa kila jambo, yaani kupita kiasi. Niliazima vitabu vya uhandisi wa barabara maktabani, nikavisoma hadi nikawa nasahihisha mchoro wa jiji mezani, chakula kikipoa. Nilichutama barabarani na futi kamba kupima upana wa njia, mke wangu akanipigia kengele nimpishe.

Kwenye kikao cha baraza la jiji cha kusikiliza maoni, mwenyekiti alieleza kwamba kila mwananchi ana dakika mbili. Nilipoitwa nilifunga kifungo cha koti, nikaanza kama mtu aliyelelewa Kenya anavyoanza mbele ya wakubwa. Nilimsalimu mwenyekiti. Nikawatambua madiwani, kuanzia upande wa kulia. Nikamtambua karani, nikamshukuru mlinzi wa mlangoni, nikawatambua majirani wote, wakiwemo waliokuja kutupinga. Nilipofika kwenye kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, muda wangu ulikuwa umekwisha. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole kama ninaunga mkono mpango au ninaupinga.

Mke wangu, aliyekuja kunishikia makaratasi tu, alisimama. Hakumsalimu mtu.

“Mimi ndiye ninayepita hapo kila asubuhi,” alisema. “Kuna bibi hakubali kula uji mpaka anione. Mkiondoa njia, niambieni nipite wapi.”

Akaketi. Diwani mmoja aliyekuwa akichezea simu aliinua kichwa, akamuuliza anaingilia wapi na anakatia kona wapi. Alimjibu. Mimi nilikuwa na majibu yote hayo kwa mita na sentimita, lakini hakuna aliyeniuliza.

Mpango haukufutwa. Uliahirishwa hadi wataalamu waseme baiskeli zitapita wapi, na hadi hapo njia inabaki. Tukielekea kwenye gari nilimuuliza nimezungumzaje.

“Salamu zilifika, mzee,” alisema. “Siku nyingine nitangulie mimi. Wewe utafunga kwa maombi.”

Kikao kingine kinakuja, naye ameshajiandikisha kuzungumza. Mimi nitakuwa dereva. Nimemsihi angalau amsalimu mwenyekiti, anasema atafikiria.