Tundu Tatu Katika Ukuta wa Ngome

Mume wangu hana kaburi. Alikuwa na ukuta.

Ulikuwa wa ngome ya zamani ya Wajerumani, juu ya kilima, pale ukishuka unafika Rusizi ya Kwanza, mpakani na Kongo. Tulirudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto, vita vya huko vikatufuata. Siku risasi zilipovuka mto, mimi na batoto tulishazunguka nyuma ya mawe. Yeye akarudi kukamata mbuzi. Tulimzika hapo hapo chini ya ukuta, mbio mbio, halafu mvua na malori vikafuta mahali. Zikabaki tundu tatu za risasi ukutani. Kila Jumapili nikitoka misa nilipita kutia kidole ndani.

Miaka baadaye mkuu wa kijiji akatangaza kwamba watakuja watu wa Kigali kupima kama ngome ina thamani ya kutunzwa. Kwetu, mgeni akija kupima kitu, unakipendezesha kwanza. Basi umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, ukawa wa ukuta. Wanaume wa kiwanda cha Muganza wakaleta simenti, wanawake tukateka maji. Wakaziba nyufa, wakalainisha mawe mpaka yakafanana na dispansari. Walipofikia tundu zangu, nikaweka jerikani chini, nikaegemeza mgongo.

“Maman, toka tumalize,” mkuu akasema.

“Pakala simenti juu ya mgongo yangu.”

Mmoja akasema nimeolewa na ukuta. Nikamjibu kwamba angalau wangu haurudi nyumbani umelewa; mke wake ndiye aliyecheka kuliko wote. Wakaacha kipande cha upana wa mgongo wangu, na mgongo wangu si mdogo.

Mpimaji alikuwa mama kijana, viatu vimejaa matope. Alitazama, akagonga simenti kwa kidole. Mkuu alikuwa anangoja sifa. Ndipo yule mama akaeleza, taratibu kama anayeleta habari ya msiba, kwamba thamani ya ngome ni uzee wake na makovu yake. Na kwamba mawe yale yalishikwa kwa chokaa, yalikuwa yanapumua, sasa simenti imefungia maji ndani. Akapiga picha kipande changu tu. Akauliza tundu zile ni za nini.

“Ni za bwana yangu,” nikasema. “Iyo ndiyo kaburi yake.”

Akaahidi kurudi. Hakurudi.

Masika ukuta ukavimba kama tumbo la ng'ombe mgonjwa, ukaanguka. Watu wakabeba mawe kujengea misingi. Siwalaumu, muntu aliyelala chini ya turubai haachi jiwe lilale bure. Jiwe langu nililikuta limebaki na tundu mbili, ya tatu imekwenda na wengine. Nililibeba kichwani mwenyewe.

Liko uani, chini ya mgomba. Wajukuu wangu, wazuri wote, wanalikalia wakitafuna miwa, wanalipaka utamu na mate. Siwafukuzi. Ila Jumapili, nikitoka misa, nawaambia wasogee.