Taa ya Shaba ya Baba Mkwe

Siku ile naikumbuka kwanza kwa mlio wa jenereta, mwanangu, maana Ntobeye yetu haikuwa imezoea kelele ya namna ile. Nilikuwa nimeolewa mwaka huohuo, nimetoka kwetu Nyakahura, upande wa Biharamulo, na nyumbani kwa wakwe zangu bado nilikuwa nanyata kama mtu aliyechelewa misa.

Hii taa unayoiona hapa pembeni ya kiti changu ilikuwa ya baba mkwe. Ujanani mwake alikuwa mpishi wa muuguzi mmoja Mswidi, na mama yule alipofungasha virago kurudi kwao akamwachia. Ni shaba tupu, inanizidi mimi urefu, na shingo yake inainama upande wowote unaotaka. Tatizo ni kwamba Ntobeye haikuwa na umeme. Basi ikasimama sebuleni miaka na miaka bila kuwaka, baba mkwe akitundika kofia yake juu yake, na mama mkwe akiisugua kwa majivu na limau kila Jumamosi ili wageni wa Jumapili waione iking'aa. Majirani walimtania mzee kwamba anafuga ng'ombe asiyekamuliwa. Naye alicheka tu.

Ilipofika harusi ya shemeji yangu mdogo, mzee akaagiza jenereta kutoka Ngara mjini. Alitaka maharusi wakae chini ya taa yake, na aiwashe mwenyewe.

Asubuhi nilipokuwa nafagia sebule nikauona waya wake. Ulikuwa wa kizamani, umevikwa kitambaa, na panya walikuwa wamekitafuna pale unapoingia kwenye taa, nyuzi zenyewe zimelala juu ya shaba. Kaka yangu aliwahi kushika waya wa namna ile kwenye mnada wa Nyakahura, ukamtupa chini, na vidole vyake havikukunjika tena.

Sasa hapo ndipo ilipokuwa shida, na nyinyi wa leo mtacheka. Katika nyumba ile mke wa mwana hakusema na baba mkwe ana kwa ana mpaka mzee amfungue mdomo kwa kumpa kinywaji kwa mkono wake. Na jina lake hulitamki hata ukiwa peke yako shambani. Mimi nilikuwa sijafunguliwa. Nikamwambia mama mkwe, alikuwa amezongwa na masufuria na wageni, akanijibu, "Haya, tutamwambia." Mume wangu alikuwa amekwenda kumleta bibi harusi. Nikarudi kwenye kazi zangu, nikijipa moyo kwamba mzee ameshaambiwa.

Jioni jenereta ikanguruma, fundi aliyekuja nayo akachomeka waya. Mzee akainuka na koti lake la Krismasi, akaiendea taa taratibu, uso umejaa furaha, mkono ameunyoosha. Mimi nilikuwa mlangoni na kibuyu cha pombe ya ndizi. Nikapiga kelele, "Baba! Baba, usishike!"

Wazee wote wakageuka, isipokuwa yeye. Kila mzee pale alikuwa baba.

Nikamwita, "Baltazari!"

Mkono ukasimama hewani.

Shangazi yake mume wangu akashika kichwa. "Yesu na Maria! Mwanamke huyu katuvunjia nyumba!" Nilikuwa nimeshapiga magoti, nauonyesha ule waya kwa kidole. Fundi akaja na bisibisi yake ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye shaba, na kile kitaa kidogo ndani ya bisibisi kikawaka. Akakimbia kuizima jenereta. Katika ule ukimya tukamsikia mzee akishusha pumzi.

Akakaa kwenye kiti chake. Kisha akaomba kile kibuyu changu, akavuta pombe kwa mrija, na mrija ule akanikabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kunywa, binti yangu," akasema. "Umeniita, nami nimeitika."

Maharusi walikaa chini ya karabai, na taa ilibadilishiwa waya baadaye.

Mwanangu, nawaona siku hizi mnavyotuheshimu kwa kunyamaza. Mzee anapanda bodaboda ya kijana aliyelewa, mnasema ni mtu mzima, anajua. Mama anameza dawa alizopewa na jirani, mnaogopa kumkera. Mimi hiyo siiti heshima, naiita kuogopa kukaripiwa, na inaniudhi sana. Toa shikamoo yako, piga goti kama ulivyofunzwa, lakini ukiona mzee wako anakwenda kuumia, sema. Anza kwa adabu; asiposikia, paza sauti. Akikasirika, vizuri, utakuwa bado na mtu wa kumwomba radhi.

Umeme sasa umefika mpaka jikoni kwangu, na macho yangu si yale. Siku ukiuona mkono wangu unakwenda pabaya, na ukiniita mama sisikii, jina langu ni Anastazia. Liite kwa nguvu. Mungu akupe sauti siku utakayoihitaji, na akuachie wa kuitika.