Hewa ya Mapajani

Chini ya malisho yetu, upande wa Bihambwe, kuna chemchemi ya maji moto yenye chumvi. Wafugaji wote wa milima ile hunywesha ng'ombe wao pale, kwa kuwa ng'ombe akikosa chumvi hiyo maziwa hupungua. Mwaka jana walifika mafundi na vipimajoto vyao, wakatuambia kwa furaha kwamba joto lililo chini ya miamba yetu linaweza kutupa umeme. Niliwasikiliza roho ikiwa juu juu. Kutoka huko huko chini hupanda mazuku, ile gesi isiyoonekana ambayo hulala bondeni asubuhi zisizo na upepo na kuua chochote kinachoivuta. Hiyo hawakuitaja.

Kwetu hakuna anayeshuka kabla ya kujaribu hewa. Unawasha fungu la majani makavu, unaliteremsha polepole kwa fimbo ndefu. Likizimika, unarudisha ng'ombe hadi jua lipande na upepo uanze kuvuma. Asubuhi moja, mimi na baba tukiwa na ng'ombe wetu, moto ulizimika kwenye usawa wa mapaja. Baba akageuka kuwarudisha ng'ombe wetu, lakini mmoja, yule mwenye mimba aliyempenda kuliko wote, alikwisha kunusa chumvi. Alitupita mbio, akafika majini, akainamisha kichwa kunywa. Magoti yakamwishia nguvu, akaanguka.

Baba akatupa koti lake chini. Nikamdaka mkono.

"Achilia miye! Iko na mimba!"

"Papa, mazuku iko pale! Utakufa!"

Baba yangu ni mbishi ajabu, na ubishi huo nimeurithi wote. Tulivutana mpaka nikaona ananishinda, basi nikamfunga kamba ya ndama kiunoni, nikashika ncha ya pili.

"Usimame wima, Papa. Ukiinama, hautainuka tena, na miye peke yangu sitaweza kukuvuta."

Alishuka kidevu kikiwa juu. Hewa mbaya ilimfika mapajani tu. Maadamu amesimama, aliweza kupumua. Alipofika, kamba ya shingoni mwa ng'ombe ilikuwa imelala miguuni pake. Akajaribu kuinasa kwa fimbo, ikateleza. Akajaribu tena. Ng'ombe alikuwa bado anahema. Nikaona magoti ya baba yanakunjika ili aiokote.

"Simama, Papa! Simama!"

Nilimchukia yule ng'ombe kwa kuchelewa kufa. Baba akajinyoosha. Baada ya kitambo magoti yakakunjika tena, nikapiga kelele tena. Mwishowe akatulia wima, akawa anamwita kwa ile sauti ya chini anayoitumia wakati wa kukamua, mpaka ubavu wa ng'ombe ukaacha kupanda na kushuka.

Aliporudi nilimkumbatia, nikalia bila aibu. Yeye hakulia. Alifungua kamba kiunoni, akanirudishia.

"Ilikuwa inaniangalia," akasema. "Ilikuwa inajiuliza juu ya nini siinami."