Kikombe cha Tatu

Nililelewa Kitale, kwenye shamba la mzungu, ambako baba aliongoza ng'ombe wa plau na mama aliosha vyombo jikoni kwa memsahibu. Kila jioni mama alirudi na majani ya chai yaliyochemshwa mara moja, akayachemsha tena na tena mpaka yakakataa kutoa rangi. Kitale kuna baridi, na sisi tulikunywa chai hiyo mfululizo ili kupata joto. Nilipoolewa Bungoma, miaka ya hamsini ilipoanza, nilikwenda na sanduku moja, blanketi mbili na mazoea ya kunywa vikombe sita kwa siku. Mume wangu alibaki na kazi yake Kitale, na kila mwisho wa mwezi aliniletea pakiti ya majani mapya ambayo hayajapita jikoni kwa mtu. Basi nilijiona tajiri, nikawa nakoleza chai mpaka ulimi unakauka.

Mama mkwe hakunikataza. Alikuwa mpole, na alifurahi mno kupata mtu wa kunywa naye chai. Baada ya wiki chache nilijua kwa nini. Miaka mitatu kabla sijafika, mtoto wa jirani alikunywa uji kwake mchana, jioni akashikwa na homa, na siku ya tatu akafa. Hakuna aliyemshtaki, wala hakuna aliyesema neno mbele yake. Ila tangu siku hiyo hakuna mtu wa nje aliyetia kitu mdomoni ndani ya nyumba ile, hata maji. Wanawake wa kanisa walikuwa na zamu ya kunyweshana chai baada ya ibada ya Jumapili, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamu yake ikarukwa, ikarukwa tena, kisha ikasahaulika kabisa. Vikombe vyake viliota kutu kabatini, vikabaki viwili tu vya kutumika, kimoja chake na kimoja changu.

Nilipoambiwa haya nilipandwa na hasira. Mimi ni mtu wa kusema, na nilitaka kupita boma kwa boma nikiwaeleza watu nilivyowaona. Mama mkwe alinishika mkono, akaniomba niache, kwamba nitamwongezea maneno na mimi nitaishi hapa miaka mingi. Nikaacha, lakini sikusahau hata sura moja.

Nilipokuwa na mimba ya miezi mitano, mkunga wa kijiji alianza kuja kuniangalia. Sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na mwili wake. Alinipima kwenye nyumba yangu ndogo, ng'ambo ya uwanja. Kwa mama mkwe hakuwa ameingia miaka yote ile, maana hapakuwa na uzazi, kwa hiyo sikujua yuko upande gani. Siku ya kwanza aliweka kiganja tumboni, akasikiliza, akaniuliza kama nalala. Nikamwambia silali, na moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa. Akakitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwangu.

"Hiyo ni ya ngapi leo?"

"Ya nne," nikasema.

"Na jua haijafika hata juu ya ghala."

Aliniagiza nipunguze kikombe kimoja, nikae siku chache, nipunguze kingine, hadi vibaki viwili. Niliona ananionea kijicho kwa sababu ya pakiti zangu za Kitale. Kwa hasira nikaacha chai yote siku hiyo hiyo, ili ajue kwamba mimi si wa kuamriwa. Kichwa kiliniuma siku tatu, nikashindwa hata kuvumilia sauti ya kuku. Aliporudi na kunikuta nimejifunga kitambaa kwenye paji la uso, alicheka mpaka akakaa chini. Alinikumbusha kwamba alisema nipunguze, hakusema nikate. Nikaanza upya kwa utaratibu wake, na baada ya wiki mbili nikawa nalala, na nikipandisha maji kutoka mtoni moyo haunisumbui. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu yule mama, ingawa sikumwambia.

Siku moja nilimuuliza chai ilimkosea nini. Akanieleza kwamba haikumkosea kitu, anaipenda kuliko mimi. Zamani, mwaka mmoja wa tohara, wakati kila boma lina wageni na sufuria haikauki, alikunywa kila alikopita. Jioni akaitwa kwa mzazi. Uzi wa kufungia kitovu ukamponyoka, akaushika, ukamponyoka tena. Mtoto hakudhurika, lakini Kukhu alivitazama vidole vyake vikitetemeka na akaogopa sana. Tangu siku hiyo akajiwekea vikombe viwili, kimoja alfajiri na kimoja kabla ya adhuhuri, na hakuna harusi wala matanga yaliyomfanya aongeze. Mimi nilishindwa na pakiti moja, na yeye kwa kazi yake alitengewa chai kila mlango.

Na kwetu chai haikataliwi. Ukiikataa umesema unaogopa kulishwa sumu. Kukhu alikuwa na njia yake. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja mbele ya watu wote, kisha akamrudishia aliyepika, akimwambia amalizie kwa kuwa amekaa na moshi tangu asubuhi. Mara nyingi mwanamke huyo alikuwa hajaonja, sukari imeishia kwa wageni. Walimpenda sana kwa hilo, na wengi hawakujua kamwe kwamba alikuwa anailinda mikono yake.

Uchungu ulinianza asubuhi, nikapelekwa nyumbani kwa mama mkwe. Kukhu alikuja na chupa yake ya chai, akanywa kikombe chake kabla ya adhuhuri, akaniambia hicho ndicho cha mwisho na sasa ni mimi na yeye. Mwanangu alizaliwa saa kumi. Wanawake wa kijiji walikuwa wamejaa uwanjani, wakapiga vigelegele kama ilivyo desturi, lakini hakuna aliyevuka kizingiti. Walisimama mlangoni wakichungulia. Mbele yao alikuwa yule jirani aliyefiwa na mtoto.

Mama mkwe akaleta chai. Alikuwa ameipika kwa maziwa mengi na kuitandikia sinia kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kukhu alikuwa amemaliza vyake viwili. Akikataa, mama mkwe amekwisha, na mwanangu atakulia katika nyumba ambayo watu hawanywi maji yake. Na akifanya vile alivyozoea itakuwa mbaya zaidi, maana wale wa mlangoni watamwona mshukiwa akilazimishwa kunywa chai yake mwenyewe.

Kukhu alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Akaitazama chai, akawatazama wanawake. Kisha akavuta kigoda hadi karibu na mlango, akakaa, na akanywa polepole, funda baada ya funda, mpaka mwisho. Akamnyooshea mama mkwe kikombe.

"Ongeza," akasema.

Nililia pale kitandani bila aibu. Alipomaliza cha pili alimwita mmoja wa wale wanawake, akamtuma ng'ambo ya mto kwa mzazi aliyekuwa anakaribia kujifungua, amwambie leo asimtegemee Kukhu, uchungu ukianza apelekwe hospitali ya misheni. Alijua vizuri vidole vyake vitakuwaje baada ya saa moja. Sijaona mtu mwingine aliyejua kipimo chake sawasawa hivyo, na akajua pia siku ya kukivuka.

Kisha akawageukia wa mlangoni, akawauliza watasimama huko mpaka lini na chai iko. Hakuna aliyesogea. Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo kwamba vikombe ni viwili tu. Yule jirani akageuka akaondoka, na mimi nikajua tumeshindwa. Wengine wakabaki wakitazamana.

Punde jirani alirudi amekumbatia vikombe vinne vya bati kutoka kwake. Akavuka kizingiti, akavipanga kwenye sinia, akakaa chini kando ya Kukhu bila kumtazama mtu. Mama mkwe alimimina. Halafu akabaki ameshika kijiko juu ya bakuli la sukari, akamuuliza jirani anatumia vijiko vingapi siku hizi.

Jirani akamsogezea kikombe.

"Weka tu vile ulikuwa unaniwekea," akasema.