Kandambili za Baba na Moli za Mama

Enzi zetu kemia haikusomwa kwa kidole gumba kwenye simu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, sisi watoto wa wafanyabiashara tuliokuwa Guangzhou, China, tuliisoma tukiwa juu ya viroba, maana viti havikuwepo. Sebule nzima ilijaa mizigo ya baba ikisubiri kontena. Feni inapuliza joto lile lile, jirani anakaanga samaki, na mama, aliyeacha ualimu wa kemia Dar akamfuata mumewe, kasimama na chaki. Ubao wake ni mlango wa kabati.

Na haukuwa mchezo. Januari ningerudi Dar kufanya usaili wa kuingia kidato cha tatu. Nikifeli, narudia cha pili, nikakae na wadogo wa rafiki zangu. Baba mdogo Faraji, aliyekuwa akija kununua mikoba kwenye soko la Shiling, alinicheka waziwazi: "Shule ya chumbani hiyo! Huyu atarudia, mtaniambia." Nilimchukia yeye na mikoba yake.

Moli ilikuwa imenishinda. Mama alisema moli ni hesabu tu, kama korija ya wauzaji. Korija ni vitu ishirini. Moli ni chembe 6.02 × 10²³. Una moli unataka chembe, zidisha kwa namba hiyo. Una chembe unataka moli, gawanya. Basi! Nikawa nazidisha kama mwendawazimu, na kila nikimpa jibu anauliza, "Chembe za nini?" Namwambia chembe tu, mama. "Chembe tu ndiyo nini? Rudia!"

Aliyenifumbua macho ni baba, wala hakukusudia. Kichina chake kilikuwa kumwita mwenye duka laoban, kisha mikono. Siku hiyo aliinua sampuli, kandambili moja, akaonyesha vidole: ishirini. Mzigo ukaja na kandambili ishirini, yaani jozi kumi. Baba akafoka, "Nilitaka korija!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Korija ya nini, Baba Rehema? Ya jozi au ya mguu mmoja mmoja?" Kisha akanigeukia, kandambili mkononi. Oksijeni ya hewani hutembea jozi, akasema; kila molekuli ina atomu mbili. Kwa hiyo moli moja ya molekuli ina moli mbili za atomu. Nikaelewa pale pale.

Kwenye usaili likaja swali: kuna atomu ngapi katika nusu moli ya gesi ya oksijeni? Wenzangu waliosomea kwenye madawati wakaandika 3.01 × 10²³, wakatoka wakijipongeza. Hizo ni molekuli, jamani! Mimi nilizikumbuka jozi, nikazidisha tena kwa mbili, nikapata 6.02 × 10²³. Nikapokelewa. Baba mdogo Faraji alipoambiwa, akasema maswali yalikuwa mepesi. Ebo!

Leo nina kijana wa kidato cha tatu. Ana meza, kiti, taa, na simu inayojibu kabla hajamaliza kuuliza. Wiki ijayo ana mtihani wa moli hizo hizo. Jana kaniletea jibu lake: nusu moli ya oksijeni ina chembe 8.3 × 10⁻²⁵. Kagawanya! Hata chembe moja haijatimia, naye kaandika kwa kalamu, kapigia na mstari. Sisi tulivuta hewa ya moto juu ya viroba, lakini angalau tulijua kuna kitu tunavuta.

Mama, ambaye sasa ni mzee na anakaa kwangu, akaivaa miwani yake. "Chembe za nini?"

"Sijui, bibi. Simu haikuuliza."

Mama akainuka taratibu, akaenda mlangoni, akarudi na kandambili mkononi. Kijana akatimua mbio chumbani, akajifungia, akidhani anachapwa. Mimi nikasogea, nikakaa chini mbele ya mama, kama enzi za viroba, nisikie somo.